Safu ya Nyuma

Baiskeli haikuingia katika mitaa ya Eastlands kama chombo cha mchezo. Iliingia kama hamali. Tangu zama zile za miaka ya 1920 ambapo Pumwani ilikuwa mtaa mchanga, na baadaye Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho zilipofuata moja baada ya nyingine kandokando ya reli na ya barabara ambayo leo yaitwa Jogoo, chombo hiki kimebeba mikate ya alfajiri, maziwa, magunia ya makaa, mitungi ya maji, kreti za soda, na mara nyingine mama na mwanawe mgongoni wakikimbizwa zahanati. Na ile baiskeli nzito ya chuma cheusi ambayo Wakenya huiita Black Mamba ilipata hadhi yake kwa kuvumilia mizigo, wala si kwa kwenda mbio. Kwa hiyo mtu wa mitaa hii amwonapo kijana amevaa kaptura ya kubana, kofia ngumu kichwani, akipita kwa kasi bila mzigo wowote nyuma yake, swali la kwanza limjialo ni kuuliza anapeleka nini. Na jibu kwamba hapeleki kitu, kwamba yuko katika mazoezi ya kushindana, si jibu jepesi kupokelewa na watu ambao miguu yao imetumika siku zote kwa minajili ya riziki.

Namjua mmoja wa vijana hao. Ni mtu wa Kayole, jirani yangu tangu nilipohama Majengo ya Pumwani nilikozaliwa, na jina lake nalihifadhi kwa kuwa mwenyewe ameniomba nilihifadhi. Riziki yake yote yatokana na baiskeli: mchana hupeleka vifurushi vya watu mjini, jioni hufanya mazoezi, na mashindano yapatikanapo huenda kushindana, iwe zawadi ni fedha, iwe ni matairi, au iwe ni kurudi mikono mitupu. Nimefuatana naye katika baadhi ya mashindano hayo, kazi yangu ikiwa kulinda mkoba na kushika chupa ya maji kando ya njia, na kwa kufuatana naye nimeyaona mambo ambayo mtazamaji wa televisheni hayaoni asilani. Lililo kubwa kati ya hayo ni kwamba sehemu kubwa ya mbio za baiskeli za milimani huamuliwa kabla filimbi haijapulizwa, na kinachoamua ni mtu amepangwa kusimama safu ya ngapi.

Asili ya mchezo wenyewe si ya kitajiri kama wengi wadhanivyo. Katika miaka ya 1970, kwenye mlima Tamalpais wa California, vijana waliokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi mapana na breki ya kitovuni ifungwayo kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume, wakaziteremsha katika njia za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kwa mara ya kwanza katika mteremko walioupa jina la Repack, kwa kuwa grisi ya kitovu iliungua yote kabla ya kufika chini, ikawa sharti kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi upya kabla ya mtu kushuka tena. Miaka 20 baadaye mchezo huo ukaingia Olimpiki, mjini Atlanta, mwaka 1996. Mtu aliyewahi kusimama katika kibanda cha fundi wa baiskeli pale Shauri Moyo au Kariobangi, akaona kitovu kimefunguliwa juu ya gazeti, gololi zake zimepangwa ndani ya kifuniko cha kopo, na kidole cha fundi kikizipaka grisi moja moja bila haraka, huyo ameuona mwanzo wa mchezo huu kwa macho yake.

Na fundi wa namna hiyo ndiye mwalimu wa kwanza wa kijana wangu. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa juu ya kreti mbele ya kibanda akitazama jinsi gurudumu lililopinda lirudishwavyo sawa: baiskeli imepinduliwa, gurudumu lazungushwa, ukucha wa dole gumba umewekwa karibu na rimu mpaka ukwaruzwe, na pale ulipokwaruzwa spoki ya upande mmoja hukazwa robo ya mzunguko na ya upande wa pili hulegezwa robo, kisha gurudumu huzungushwa tena. Alitazama pia tyubu ikizamishwa katika beseni la maji machafu, na viputo vikitoka penye tundu. Leo tairi lake la mashindano halina tyubu. Ndani hutiwa maji mazito meupe yazibayo tundu dogo lenyewe, na tundu likiwa kubwa mpandaji huchomeka uzi wa mpira kwa chuma chenye ncha na kujaza upepo kwa kichupa cha gesi, yote hayo katika muda usiozidi dakika moja akibahatika. Walakini mkono uliojifunza penye beseni haukubabaika ulipokutana na maji meupe. Kanuni za mchezo humruhusu mshindani kusaidiwa katika vituo vilivyotengwa tu. Kwingineko kote, juu ya mlima au ndani ya msitu, yuko yeye na mikono yake, na katika jambo hilo nimemwona akiwapita watu ambao baiskeli zao zina thamani ya gari.

Sisemi haya ili nisifu umaskini. Nimesoma na kusikia mara nyingi maneno ya wageni, na hata ya wenyeji, kwamba dhiki huzaa mabingwa, na kila nisikiapo hivyo nahisi uchungu, maana nimeona dhiki hiyo hiyo ikiwazuia vijana kumi kwa kila mmoja iliyemwachia njia. Cheni ya mashindano ikikatika, kijana huyu hubeba vifurushi mwezi mzima kabla ya kununua nyingine. Dhiki haikumfundisha kitu. Aliyemfundisha ni fundi, mtu mwenye maarifa na subira.

Husemwa pia kwamba sisi wa nyanda za juu tumejaliwa mapafu, na ni kweli kwamba Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na kwamba mtu akuliaye hapa hupumua hewa nyembamba bila kujua kwamba ni nyembamba. Lakini mapafu hayamfundishi mtu kushuka. Misitu yenye vijia vya kujifunzia, Karura na Ngong, iko upande wa pili wa jiji, ina ada ya kuingia, na kuifikia kutoka Kayole ni kuvuka Nairobi nzima kabla ya jua kuchomoza. Kwa hivyo vijana wetu hujifundishia katika barabara ya Kangundo na ya Outering, kati ya matatu zikimbiliazo abiria na malori ya mchanga, na hapo ndipo penye khatari iliyo kubwa kuliko ya mwamba wowote. Burry Stander wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa tano katika Olimpiki ya London na aliyeshinda Cape Epic mwaka 2011 na 2012 pamoja na Mswisi Christoph Sauser, aliokoka materemko ya ulimwengu mzima, kisha Januari 2013 akauawa na basi dogo la abiria akiwa mazoezini karibu na nyumbani kwake. Nilipomsimulia kijana wangu habari hiyo hakushangaa. Alinijibu, "Mjomba, mlimani najua jiwe liko wapi. Huku barabarani jiwe ndilo linalonitafuta."

Mashindano yapendwayo na wengi kwetu ni yale ya Mlima Kenya yaitwayo 10to4, ambayo huchangisha fedha za kuhifadhi misitu na wanyama wa mlima huo kwa ajili ya Mount Kenya Trust, na ambayo jina lake latokana na mteremko wa kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Kufika huko kwenyewe ni kazi. Baiskeli hufunguliwa magurudumu, hufungwa kwa kamba juu ya matatu ya Nanyuki, na utingo hudai nauli ya mtu wa pili. Kisha usiku hulalwa penye ndugu wa rafiki, baiskeli ikiwa ndani ya chumba, kwa kuwa hakuna mshindani aachaye baiskeli nje. Asubuhi, kwenye urefu ule, vidole hufa ganzi juu ya breki kabla ya mwendo kuanza. Halafu huanza kushuka, kwanza katika msitu wa mierezi na mizeituni mwitu ambamo mizizi imetandaa njiani nayo imelowa umande, kisha katika mashamba ya ngano, kisha katika nchi kavu ya miiba ambayo joto lake humpiga mtu aliyetetemeka kwa baridi saa chache zilizopita.

Nilimwuliza ni nini kinachochoka kwanza, nikidhani ataniambia mapaja. Akanionyesha mikono. Baada ya mteremko mrefu hakuweza kufungua kamba za viatu vyake, nikamfungulia mimi. Vidole viwili vya kila mkono, vile vikaavyo juu ya breki, vilikuwa vimekunjamana vikikataa kunyooka, na katika viganja damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi. Akanieleza, huku akivinyoosha kimoja kimoja, kwamba mwanafunzi wa mchezo huu hufunga breki kwa hofu njia nzima, ilhali bwana wa mchezo hufunga pale tu pafaapo kufunga na kuachia pengine pote, na kwamba jicho likitazama jiwe gurudumu hulifuata jiwe, basi ni wajibu wa jicho kutazama pale mtu anapotaka kupita. Akasema kuwa maarifa hayo hayapatikani kwa kuelezwa wala kwa kufanya mazoezi peke yake, kwa sababu peke yake mtu huchagua mwendo wake. Hupatikana pale tu anapomfuata mtu mwenye kasi kumshinda, kwa umbali wa gurudumu moja, akiona wapi yule anaachia breki.

Hata kazi yangu ndogo ya chupa ina elimu yake. Chupa haishikwi kiunoni kama mtu ampavyo mgeni maji. Hushikwa juu kabisa kwa vidole viwili, mkono umenyooshwa mbele, na mshikaji huanza kukimbia kabla mpandaji hajamfikia, ili pale mikono inapokutana mwendo wa mmoja usimng'oe mwenzake bega. Tena hutolewa ndani ya eneo lililowekwa alama tu. Ukiitoa hatua chache nje ya alama, mshindani wako ndiye aadhibiwaye. Katika muda huo mfupi nimeona nyuso za washindani kwa karibu kuliko wapigapicha, na niwezalo kusema ni kwamba wa kwanza na wa mwisho wana uso mmoja, mdomo wazi, mate yamekauka pembezoni, macho hayakuoni. Tofauti ni kwamba wa kwanza hupigiwa makofi, na wa mwisho hupita wakati watu wanakunja viti.

Sasa nirejee kwenye safu. Katika mashindano makubwa yaendeshwayo kwa kanuni za shirikisho la ulimwengu, yaani UCI, washindani huitwa kwa majina mmoja mmoja kwa kadiri ya pointi walizokusanya, mwenye nyingi akisimama mbele na asiye nazo akipangwa nyuma kabisa. Filimbi ikilia, msafara wote hukimbia kitambo kidogo katika njia pana, kisha huingia katika kijia kisichotosha watu wawili. Wa mbele hupita kwa kasi yao yote. Wa nyuma hufika wakakuta msongamano, wakashuka, wakasimama, baiskeli mkononi, wakisikia makelele ya watu huko mbele ambako mbio zinaendelea bila wao. Mpandaji wa safu ya nyuma aweza kupoteza dakika mbili kabla hajakanyaga pedeli kwa nguvu zake halisi, na dakika mbili hizo hazirudi, madhali njia ni nyembamba na kila mmoja wa kupitwa ashindania nafasi yake.

Lakini si hayo tu. Iko kanuni ya asilimia 80, isemayo kwamba mshindani aliyeachwa na kiongozi kwa kiasi cha asilimia 80 ya muda ambao kiongozi huyo alitumia katika mzunguko wake wa kwanza hutolewa njiani. Ikiwa mzunguko ni wa dakika 12, basi mtu akiachwa kwa dakika tisa na nusu hivi, mwamuzi humwinulia mkono na safari yake huishia hapo. Kanuni hiyo ina sababu yake, kwani wa mbele wakiwafikia wa nyuma katika kijia chembamba huzuka vurugu na watu huumizana, nami siibishi. Nataka tu itazamwe kwa jicho la mtu aliyetoka kwetu. Ameuza simu na kukopa kwa jamaa ili apate tikiti; amepanga foleni ya viza na kujibu maswali ya mtu asiyeamini kwamba yuko Mkenya aendaye Ulaya kwa ajili ya baiskeli; amefika, amesimama safu ya nyuma kwa kuwa hana pointi; amezuiwa penye msongamano; ametolewa kabla ya mizunguko kwisha; na kwa kutolewa hakupata pointi za maana, hivyo safari ijayo atasimama papo hapo aliposimama. Pointi hupatikana mashindanoni, na mashindano yenye pointi yako mbali. Duara hilo halina mlango upande wetu, na hakuna wingi wa mapafu uwezao kulivunja.

Ndiyo maana kwangu mimi mojawapo ya siku kubwa za mchezo huu katika Afrika ya Mashariki ni tarehe 12 Agosti 2012, pale Hadleigh Farm katika jimbo la Essex, Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alipomaliza mbio za Olimpiki akiwa wa 39. Aliyeshinda siku hiyo ni Jaroslav Kulhavý wa Ucheki, aliyempita Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja tu, na habari za sekunde hiyo zilijaza magazeti. Niyonshuti, mwana wa Rwamagana, aliyepoteza ndugu zake sita katika mauaji ya mwaka 1994 na aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, alikuwa amejiwekea lengo moja, nalo ni kumaliza bila ya kutolewa. Akamaliza.

Chanzo cha siku ile chafaa kukumbukwa. Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa California walioziunda baiskeli za kwanza za milimani, alizuru Rwanda mwaka 2005, na mwaka uliofuata akasaidia kuandaa mashindano ambamo, pamoja na baiskeli za milimani, zilishindanishwa baiskeli za mbao, ndugu wa zile chukudu zibebazo mizigo katika njia za Goma. Alifuatana naye Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, ambaye baadaye alirudi akakaa na kuunda timu ya Rwanda. Kwa hiyo kilichotangulia kilikuwa mashindano nyumbani. Timu ilifuata, na Olimpiki ikafuata timu. Septemba 2025 mashindano ya ulimwengu ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara hili, na yule aliyedhani kwamba hayo yalianguka tu kutoka mbinguni hakuwa akitazama.

Hapa kwetu, nani angempokea mtu wa 39? Sisi Wakenya tumelelewa na ushindi wa wakimbiaji, tangu Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968, na ushindi huo umetutia fahari ya haki, lakini umetuzoeza kuhesabu medali tu. Mkimbiaji apata shule yake katika barabara yoyote ya udongo, bila malipo, pamoja na wenziwe mia walio na kasi kumshinda. Akitoka Iten kwenda ng'ambo amekwisha kushindana na walio bora ulimwenguni penye lango la nyumba yake. Mpanda baiskeli wa Kayole hana shule hiyo. Arudipo kutoka mashindano ya nje akiwa wa 40, watu wa mtaani humwambia pole, na pole hiyo, itokayo kwa watu wampendao, humvunja moyo kuliko kuanguka. Laiti tungejua kumwambia hongera, na tukamwuliza ni wangapi aliowapita tangu safu ya nyuma.

Suleiman Kangangi alilifahamu duara hilo mapema kuliko wengi wetu. Alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, akashindana barabarani kwa miaka, kisha akageukia mbio za changarawe, ambazo huwaanzisha watu wote pamoja katika njia pana ya vumbi na kumruhusu kila aanzaye kumaliza. Akawa nahodha wa timu ya AMANI, yenye wapandaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, wakiwemo wanawake kama Nancy Akinyi, ambaye safari yake ina uzito wa pekee katika mji ambamo msichana akipanda baiskeli hutupiwa maneno kila kituo cha matatu. Kwa kuwa viza iliwanyima vijana nafasi ya kukutana na wazungu huko kwao, watu wa timu hiyo waliamua wazungu waje huku. Ndipo mwaka 2021 yakaanzishwa mashindano ya Migration Gravel Race katika nchi ya Mara, siku nne, kilomita zipatazo 650, na mabingwa wa Ulaya na Marekani wakajikuta ndio wageni, wakiuliza njia na kushangaa vumbi. Kijana wangu alipata huko kile kitu alichokuwa akikitamani, yaani gurudumu la mtu mwenye kasi kumshinda, alifuate mpaka pumzi zimwishie.

Tarehe 27 Agosti 2022 Kangangi alianguka katika mteremko wa mashindano ya Vermont Overland huko Marekani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Habari ilifika Kayole usiku, kwa simu, na asubuhi yake nilimkuta kijana wangu ameketi mbele ya mlango, baiskeli ikiwa ndani. Mama yake alikuwa akifua, hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikukatazi. Nataka tu nijue kama huko unakokwenda kuna mtu wa kukuokota." Hakujibiwa, wala mimi sikuwa na jibu. Sikubaliani na wale wasemao kwamba kifo ni malipo ya haki ya ujasiri, kwa sababu aliyekufa hakuwa akitafuta kifo, alikuwa akitafuta kazi halali kwa ajili ya nyumba yake na mlango kwa ajili ya wadogo wake. Kijana alirudi barabarani baada ya majuma kadhaa, na tangu siku hiyo, katika kila mashindano, kabla ya kuuliza zawadi ni nini, huuliza gari la wagonjwa liko wapi. Naona kuwa mama yake ndiye aliyemfundisha swali hilo, na kwamba ni swali ambalo kila mwandalizi angepaswa kuwa na jibu lake tayari.

Nimefikiri sana juu ya mlango upande wetu, na fikira zangu zimenipeleka mahali nisipotarajia. Dhahabu ya Olimpiki ya Paris katika mchezo huu ilishindaniwa tarehe 29 Julai 2024 kwenye kilima cha Élancourt, chenye kimo cha mita 231 tu. Mwingereza Tom Pidcock alitobokewa na tairi akiwa mbele, akapoteza zaidi ya nusu dakika akibadilishiwa gurudumu kituoni, kisha akawafuata wenziwe mmoja mmoja na kumpita Mfaransa Victor Koretzky katika mzunguko wa mwisho. Lakini ushindi huo hauniathiri kama pahali penyewe. Kilima kile hakikuwa mlima wa asili. Palikuwa machimbo ya mawe, kisha pakawa jaa la taka, kisha pakafukiwa, pakapandwa miti, pakatengenezwa vijia.

Nasi tuna machimbo. Jaa la Dandora lilianza katikati ya miaka ya 1970 ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwaka 2001 ikatangazwa kwamba limejaa, na hata leo magari ya taka yaendelea kumwaga, moshi wake ukiingia katika madarasa na vyumba vya kulala. Sithubutu kusema kwamba vijia vya baiskeli ndiyo dawa ya Dandora. Watu wa huko wana haki ya hewa safi kwanza, na baada ya hayo yote waulizwe wenyewe wataka nini. Lakini huko Njiru na Kayole kuna mashimo mengine, yaliyotoa mawe yaliyojenga nusu ya jiji hili na kuachwa wazi, yenye kuta za mwamba, ngazi za mawe zilizokatwa kwa nyundo, na miinuko ya kifusi. Vijana wetu hushuka humo kila jioni. Ngazi ya jiwe ambayo mpandaji wa Ulaya hujengewa kwa gharama kubwa ili ajifunze kuruka, hapa imeachwa na wachimbaji bure. Mvua za masika zikija mashimo hayo hujaa maji, na watoto wamekufa ndani yake. Kwa hiyo mtu akichimba mfereji wa kutoa maji kwa ajili ya mbio, atakuwa amefanya jambo ambalo lingefaa kufanywa hata kama baiskeli zisingekuwapo.

Haja si kubwa: ruhusa ya mwenye ardhi na ya kaunti, mfereji, kamba ya kuonyesha njia, saa mbili za kupimia muda, watu wa huduma ya kwanza na gari lao, na siku moja ya kila mwezi ambayo watoto wa Umoja, Kayole, Dandora na Komarock watajua kwamba kuna mbio, kwamba wakubwa na wadogo watafuatana gurudumu kwa gurudumu, na kwamba hakuna atakayetolewa njiani. Pointi za ulimwengu hazitapatikana humo mwanzoni. Yatakayopatikana ni yale ambayo pointi hununuliwa nayo: kujua kuanza ndani ya msongamano, kujua kuachia breki, kujua kumaliza. Kijana wangu amekubali kuwa mwamuzi katika miezi asiyokuwa na mashindano, na yule fundi wa Kariobangi aliyemfundisha, ambaye sasa ni mtu mzima wa mvi, amesema atakuja na beseni lake. Barua ya maombi tumeiandika, nakala moja nimeibakiza nyumbani, na jibu bado twalingojea.